Honi inaponyamaza njiani Koni: kosa mara nyingi si la honi yenyewe

Katika barabara inayotoka Koni, kwenye mto Lufira, kuelekea mjini Likasi, honi ni sehemu ya uendeshaji kama zilivyo breki. Msimu wa mvua, nyasi zinapokuwa zimerefuka na kufunika kona, dereva hubonyeza katikati ya usukani kabla hajaona kilicho mbele yake. Huenda ni baiskeli iliyosheheni magunia ya makala, kama mkaa unavyoitwa Katanga. Huenda ni watoto wanaotoka shule, au lori lililohamia upande usio wake kukwepa shimo. Kitufe kikibonyezwa na sauti isitoke, mwenye baiskeli hana njia nyingine ya kujua kwamba kuna gari nyuma yake.

Koni inajulikana zaidi kwa umeme kuliko kwa magari. Kituo chake cha kuzalisha umeme wa maji kilianza kazi mwaka 1950, chini ya kile cha Mwadingusha kilichoanza mwaka 1930 kwenye mto huohuo. Vyote viwili vilijengwa enzi za kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, na leo viko chini ya shirika la umeme la taifa, SNEL. Lakini umeme unaowasumbua madereva wa njia hii ni mdogo zaidi: ule wa volti 12 unaopita katika nyaya nyembamba ndani ya usukani, sehemu ambayo watu wachache wamewahi kuiona ikiwa imefunguliwa.

Magari mengi ya Haut-Katanga hufika yakiwa yametumika. Yanatoka Japani, yanashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, yanapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Usukani wake uko kulia, wakati Congo inaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara, na akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka gari lake liwe limeshatokeza nusu. Dereva wa namna hiyo anaihitaji honi kuliko mwenzake aliyeketi upande wa katikati.

Magari hayo pia ni ya zamani. Corolla ya miaka ya 1990, Hiace ya abiria, Hilux iliyokwishabadilishwa injini, Land Cruiser iliyopita mikononi mwa wamiliki wanne au watano. Vumbi la kiangazi huingia kila tundu, kisha mvua ya kuanzia Novemba huligeuza tope. Miaka kumi ya mtindo huo inatosha kulegeza kiungo chochote cha waya.

Kitufe kwenye dashibodi

Dawa ya haraka ya honi iliyonyamaza inafahamika katika garaji nyingi za Afrika Mashariki na Kati. Fundi anatoboa dashibodi, anavuta nyaya mbili mpya na kufunga kitufe kidogo, wakati mwingine kile cha kengele ya mlango. Honi inalia, dereva analipa na kuondoka.

Katika Land Cruiser ya miaka ya 1980 isiyo na mfuko wa hewa, hasara ya dawa hiyo ni moja: mtu aliyeshtuka hupiga katikati ya usukani alipozoea, na hakumbuki kwamba kitufe sasa kiko karibu na redio. Nusu sekunde inapotea.

Katika gari lenye mfuko wa hewa, hasara ni kubwa na haionekani. Waya wa honi unapita ndani ya kifaa kilekile kinachopitisha nyaya za mfuko wa hewa wa dereva. Kifaa hicho kikikatika, honi ndiyo inayotoa taarifa mapema kwa sababu inatumika kila siku. Mfuko wa hewa hautumiki mpaka siku ya ajali. Anayehamisha honi kwenye dashibodi bila kutafuta kilichokatika huenda anaendesha gari ambalo mfuko wake hautafumuka litakapogonga, naye amejinyima dalili pekee aliyokuwa anaisikia kwa masikio.

Kuanzia kwenye rilei

Kutafuta kosa si kazi ya kubahatisha, na haihitaji mashine ya bei kubwa. Inahitaji kuelewa umeme unapita wapi.

Katika magari mengi, kitufe cha usukani hakipeleki umeme kwenye honi. Umeme mzito unatoka betri, unapita kwenye fyuzi na kufika kwenye rilei, kile kisanduku kidogo chenye miguu minne kinachochomekwa karibu na fyuzi. Ndani ya rilei mna koili inayosubiri kukamilishiwa njia ya kurudi upande wa hasi, yaani bodi ya gari, ambao mafundi wengi wa Katanga wanauita masi. Kubonyeza honi ni kuipa koili hiyo masi. Koili inavuta kisu cha ndani, kisu kinafunga njia, na umeme mzito unakwenda mbele kwenye honi. Waya wa usukani ni mwembamba kwa sababu unabeba umeme kidogo tu.

Rilei basi iko katikati ya safari, na hapo ndipo pa kuanzia. Mtu mmoja abonyeze honi, mwingine aweke kidole juu ya rilei. Ikigonga “tik”, usukani wote umesafika: kitufe, nyaya na masi yake ni vizima, na kosa liko mbele. Isipogonga, ama fyuzi imekatika, ama rilei imekufa, ama usukani hautoi masi.

Fyuzi haihitaji hata kuchomolewa ili kupimwa kwa mara ya kwanza. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, honi na taa za dharura hutumia fyuzi moja. Washa taa za dharura. Zikiwaka, fyuzi ni nzima. Zisipowaka, badilisha fyuzi kwa nyingine yenye namba ileile. Ikikatika tena, kuna waya uliochubuka na kugusa bodi, na kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya wa shaba ni kuuambia waya huo uungue ndani ya dashibodi. Rilei nayo inapimwa kwa kubadilishana na nyingine inayofanana nayo kabisa katika kisanduku hichohicho.

Rilei ikigonga na honi ikae kimya, safari ni ya kwenda mbele ya gari, nyuma ya bampa, ambako honi hufungwa mahali pa kupokea tope lote la barabarani. Hapa mita huwadanganya wengi. Waya ulioliwa na kutu mpaka ukabaki na uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti umeme wowote wa maana. Honi inavuta ampea kadhaa, na uzi mmoja hauziwezi. Kipimo cha kweli ni balbu ya zamani ya taa ya breki, ya wati 21, iliyounganishwa nyaya mbili. Ikichomekwa kwenye waya wa honi na kwenye masi safi ya betri, kisha honi ibonyezwe, balbu iwake kwa nguvu. Ikiwaka hafifu, waya umechoka. Ikiwaka sawasawa, kosa ni la honi au la pale inapofungwa: honi nyingi zina waya mmoja tu na hupata masi kupitia bolti yake, na bolti yenye kutu haipitishi kitu. Brashi ya chuma na bolti mpya humaliza tatizo.

Balbu inayosimulia habari za usukani

Rilei isipogonga, na fyuzi ni nzima, mafundi wengi hukimbilia kufungua usukani. Kuna hatua moja ya kufanya kwanza, nayo haigusi usukani hata kidogo.

Rilei inachomolewa. Kati ya matundu manne iliyokuwa imekaa, moja ni la waya unaokwenda usukani. Mchoro wa gari au rangi ya waya husaidia kulitambua. Balbu ndogo ya wati 5, si ile kubwa ya breki, inaunganishwa upande mmoja kwenye chanya ya betri na upande wa pili kwenye tundu hilo. Kisha dereva anabonyeza honi. Balbu ikiwaka, usukani unatoa masi na rilei ndiyo mbovu. Isipowaka, njia imekatika mahali fulani kati ya kitufe na rilei.

Sehemu yenye faida zaidi inafuata. Honi ikiwa imeshikiliwa, usukani unazungushwa polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, na mtu anaitazama balbu. Ikiwaka na kuzimika kwa kufuata mzunguko, mguso kati ya sehemu inayozunguka na sehemu iliyosimama ndio unaokatika. Madereva wenyewe huleta habari hiyo bila kujua uzito wake: honi inalia nikikata kona ya kulia tu, au inalia gari likiwa limenyooka na kukataa nikigeuza. Fundi aliyesikia hivyo ameshaonyeshwa mahali pa kutafuta.

Katika magari yasiyo na mfuko wa hewa, mguso huo ni pete ya shaba iliyo nyuma ya usukani na kijiti chenye springi kinachoisugua. Vumbi na grisi kavu huifunika pete, au kijiti huchakaa mpaka kisiifikie. Msasa laini, kitambaa na mpako mwembamba wa grisi huirudisha katika hali yake. Likibaki tatizo, litazamwe masi ya mhimili wa usukani wenyewe. Baadhi ya magari yana kiungo cha mpira kwenye mhimili huo, na mpira haupitishi umeme. Mtengenezaji huweka kipande cha waya cha kuuruka. Waya huo ukikatika, au ukisahaulika wakati wa ukarabati, honi hufa ingawa kila kitu kingine ni kizima.

Lipo pia kosa la kinyume, ambalo mtaa mzima huamka kuliona: honi inayolia yenyewe saa nane za usiku. Hapo waya wa kitufe unagusa masi bila kubonyezwa, mara nyingi kwa sababu umebanwa chini ya kifuniko cha mhimili au plastiki inayotenga pete imepasuka. Kuchomoa rilei hunyamazisha kelele mpaka asubuhi.

Utepe ndani ya usukani

Magari yenye mfuko wa hewa hayana pete na kijiti, kwa sababu mguso wa kusuguana hauaminiki vya kutosha kwa kitu kinachotakiwa kufumuka mara moja bila kukosea. Badala yake kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye nyaya bapa ndani yake, uliokunjwa mizunguko mingi kama springi ya saa, ndani ya kisanduku cha duara nyuma ya usukani. Mafundi wa Kenya na Tanzania wanakiita klokispringi. Usukani ukigeuka, utepe unajikunja au kujikunjua. Una urefu wa kutosha mizunguko miwili na nusu hivi kila upande, na zaidi ya hapo unakatika.

Hapa ubovu wa barabara unaingia kwa mlango wa nyuma. Mashimo huua raki ya usukani na viungo vyake, na fundi hulazimika kuishusha raki. Anapotenganisha mhimili na raki bila kuufunga usukani usizunguke, mtu akaugeuza usukani mzunguko mmoja tu wakati gari liko juu ya jeki, utepe haupo tena katikati. Gari linatoka garaji likiwa zima. Siku kadhaa baadaye dereva anakata kona hadi mwisho, utepe unavutika na kukatika. Honi inakufa, vitufe vya redio vinakufa, taa nyekundu ya mfuko wa hewa inawaka, na hakuna anayekumbuka raki.

Dalili hizo tatu zikija pamoja, hakuna haja ya kuendelea kutafuta. Honi ikifa peke yake, utepe bado ni mshukiwa, kwa maana una nyaya kadhaa na si lazima zote zikatike siku moja. Sauti ya kukwaruza usukani unapogeuzwa ni onyo la mapema.

Kukifungua kifaa hicho kuna masharti ambayo hayana mjadala. Waya wa hasi wa betri unafunguliwa kwanza, na fundi anasubiri. Toyota inataka angalau sekunde 90, na watengenezaji wengine huagiza muda mrefu zaidi, kwa sababu kompyuta ya mfuko wa hewa hubaki na akiba ya umeme. Nyaya na soketi za rangi ya manjano hazipimwi kwa balbu wala kwa mita ya kawaida, kwani umeme mdogo wa kipimo unaweza kuufumua mfuko usoni mwa fundi. Mfuko uliotolewa unalazwa upande wa urembo ukitazama juu, mbali na watu. Waya wa honi pekee ndio unaopimwa kwa mita, kifaa kikiwa kimeshatolewa, na usomaji unatakiwa kuwa karibu na sifuri omu huku kikizungushwa taratibu.

Kifaa kipya huja kikiwa kimefungwa pini ili kisizunguke, na pini hiyo haitolewi mpaka kiwe mahali pake. Kile cha gari lililovunjwa hakina pini, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Utaratibu wa Toyota nyingi ni kukizungusha kwa mkono, bila nguvu, kinyume cha saa mpaka kikaze, kisha kukirudisha mizunguko miwili na nusu hivi mpaka alama zake zikutane, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Anayeruka hatua hiyo atamwona mteja wake tena.

Barua zisizofika Likasi

Si kila utepe unaokatika ni kosa la fundi au la barabara. Aprili 2014, Toyota ilitangaza kuyaita magari zaidi ya milioni 6 duniani kwa kasoro tano tofauti. Magari takriban milioni 3.5 kati ya hayo yaliitwa kwa sababu ya utepe huohuo: ungeweza kuharibika usukani unapozungushwa, na mfuko wa hewa wa dereva usifanye kazi. Yalikuwemo Hilux, RAV4, Yaris na Corolla za miaka ya katikati ya 2000 hadi 2010, aina zilezile zinazoonekana kila siku Likasi na Lubumbashi.

Mkasa wa mifuko ya hewa ya Takata ni mzito zaidi. Kampuni hiyo ya Japani ilitumia kemikali ya amoniamu naitreti kufumua mifuko, nayo huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, mpaka kisanduku cha chuma hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa waliomo. Watu walikufa Marekani, Malaysia na kwingineko, visanduku karibu milioni 100 vikaitwa duniani, na Takata ikaomba kufilisika Juni 2017. Gari lenye kisanduku cha aina hiyo si gari la kuguswa usukani wake na fundi asiyejua.

Barua za wito huo hutumwa kwa mwenye gari aliyeandikishwa kule lilikouzwa likiwa jipya. Gari likishapita Dar es Salaam na Kasumbalesa, barua inabaki Osaka au Yokohama. Kinachobaki na gari ni namba ya chasi, na tovuti za watengenezaji huruhusu mtu kuiandika na kuona kama kuna kazi ambayo haikufanyika. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, inafaa kutafuta katika tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, maana tovuti za Ulaya na Marekani mara nyingi hazizitambui namba hizo. Simu na megabaiti chache zinatosha.

Vitufe vya redio vinavyochanganyikiwa

Vitufe vya redio kwenye usukani vina tabia yake. Kila kitufe hakina waya wake. Vingi hushirikiana waya mmoja, na redio hutambua kilichobonyezwa kwa ukinzani. Katika Toyota nyingi, kitufe cha kwenda mbele ni omu 0, cha kurudi nyuma ni 330 hivi, cha kuongeza sauti ni 1,000, na cha kupunguza ni 3,110 hivi. Jasho na vumbi vikiongeza omu mia kadhaa kwenye mguso, dereva anabonyeza kimoja na redio inasikia kingine: anataka kwenda mbele, wimbo unarudi nyuma.

Kabla ya kununua kingine, swichi ifunguliwe, viguso visafishwe kwa spiriti na kuachwa vikauke, kisha vipimwe. Kama omu ziko sahihi kwenye swichi lakini si nyuma ya redio, njia inarudi kwenye utepe. Na kama redio ni mpya kutoka China, huenda haina kosa lolote: redio hizo zinahitaji kufundishwa vitufe, kimoja baada ya kingine, katika menyu yake.

Kazi ikikamilika, jaribio la mwisho linafanyika gari likiwa limesimama. Usukani unapelekwa mwisho hadi mwisho, honi ikibonyezwa kila robo mzunguko. Kisha gari linazimwa na ufunguo kuwashwa upya bila kupiga injini, macho yakiwa kwenye taa ya mfuko wa hewa. Taa hiyo inatakiwa kuwaka sekunde chache na kuzimika. Ikibaki inawaka, kuna kosa bado. Na ile isiyowaka kabisa, hata kwa nukta moja, katika gari lenye mfuko wa hewa, mara nyingi ni taa ambayo balbu yake ilitolewa na mtu aliyetaka kuliuza gari. Kwa anayenunua gari lililotumika, huo ni ukaguzi wa sekunde tano, kabla hajahesabu pesa.